Mfereji Ulio Wazi: Je, Kuna Israfu Penye Maji Yasiyokwisha?

Jambo tunalokusudia kulizungumza katika kurasa hizi ni dogo kwa sura yake, na huenda baadhi ya wasomaji wakaliona halistahiki kuandikiwa waraka. Nalo ni maji yanayopita katika mifereji ya nyumba zetu. Lakini mambo madogo yanayokaririwa kila siku ndiyo yanayoijenga tabia ya mtu au kuibomoa, na Muislamu husimama mbele ya maji kabla hajasimama mbele ya Mola wake.

SUALI

Katika majira ya kupukutika majani nilisafiri kutoka Maskati kwenda Kanada kumzuru dada yangu mkubwa, anayeishi pamoja na mwanawe katika mtaa wa Weston, kaskazini-magharibi ya Toronto. Weston zamani ulikuwa mji mdogo wenye kujitegemea, uliokua kwa vinu vilivyozungushwa na nguvu ya maji ya mto Humber. Mwaka 1967 uliunganishwa na York, na mwaka 1998 ukaingia pamoja na York ndani ya jiji la Toronto. Mpwa wangu anakaa katika jengo refu, na dirisha la ukumbi wake linautazama mto huo, ambao hupita chini ya miti ukielekea kusini mpaka Ziwa Ontario.

Siku ya tatu ya kukaa kwangu, wakati wa Adhuhuri, nilimsikia mjukuu wa dada yangu, mtoto wa kike wa miaka tisa, akisema mlangoni mwa msala: "Bibi, mwalimu ametufundisha kwamba hata tukiwa mtoni tusifanye israfu katika udhu." Dada yangu alikuwa ameufungua mfereji mpaka mwisho, na kila kiungo alikuwa akikiosha mara tano, mara sita, kisha akirudi mwanzo. Akajibu bila ya kugeuka: "Mjukuu wangu, nenda dirishani ukautazame mto ule. Unapita usiku na mchana wala haumngoji mtu. Maji haya nisipoyatumia mimi, nitakuwa nimembakishia nani?"

Mtoto akaja kwangu. Hakuja kushitaki, alikuja kuuliza. "Babu, kama maji hayaishi, na hakuna anayekosa kwa ajili ya Bibi, kwa nini yawe makosa?" Nikamwambia nitamjibu kesho, kwani sikuwa na jawabu ninayoiridhia mwenyewe. Na nilipotoka msalani dada yangu nikaiona mikono yake: ngozi imekauka na kupasuka kwa baridi ya nchi ile na kwa maji mengi, na katika vifundo vya vidole damu imeanza kuonekana. Hapo nikajua kwamba suali la mtoto si mchezo.

MAJAWABU YASIYOTOSHA

Watu wengi wakiulizwa suali hili hutoa jawabu tatu. Tutazitazama moja moja kwa uadilifu, kwani haifai kuitetea haki kwa hoja dhaifu.

Jawabu ya kwanza ni kwamba maji yatakwisha. Kwetu Arabuni na katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki jawabu hii ni ya kweli. Lakini mtoto wa Weston hawezi kuambiwa hivyo. Maji ya nyumba yao hutoka Ziwa Ontario, moja katika yale Maziwa Makuu matano ambayo kwa pamoja yana kiasi cha sehemu moja kati ya tano ya maji matamu yote yaliyo juu ya uso wa ardhi. Bibi yake hata akiuacha mfereji wazi umri wake wote, ziwa halitapungua kwa kiasi cha kuonekana. Tukimwambia mtoto kwamba ziwa litakauka kwa udhu wa bibi yake, siku atakapojifunza jiografia atatambua kwamba tumemdanganya, na huenda akadhani kwamba na mengine tuliyomfundisha ni ya namna hiyo hiyo.

Jawabu ya pili ni kwamba maji yana gharama. Hili nalo ni kweli. Maji ya Toronto huvutwa ziwani, huchujwa, hutiwa dawa ya klorini, na husukumwa kwa pampu kuelekea mitaa ya juu, na pampu hizo hutumia umeme mwingi. Lakini anayejibu hivi ameliondoa suali katika dini na akili na kulitia mfukoni. Ikiwa ubaya wa israfu ni gharama yake tu, basi tajiri ameruhusiwa lililoharamishwa kwa masikini. Na katika majengo mengi ya fleti mpangaji hapati hata hesabu ya maji yake, kwa kuwa yamo ndani ya kodi. Basi huyo ndiye ambaye hana sababu kabisa ya kuufunga mfereji.

Jawabu ya tatu ni kusema: Mtume (S.A.W.) amekataza, na yatosha. Naam, kwa Muislamu yatosha. Imepokewa kwamba alimpitia Saad akitawadha akamkanya israfu. Saad akastaajabu kwamba katika udhu pia muna israfu, na Mtume akamjibu kwamba imo, hata mtu akiwa penye mto unaokwenda. Wanachuoni wa Hadithi wana maneno juu ya isnadi yake, lakini maana yake inaungwa mkono na mengi yaliyothibiti, kama kwamba Mtume mwenyewe alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, na mudi haifiki lita moja. Hata hivyo mtoto hakuuliza kama jambo limekatazwa. Hilo analijua, na ndilo alilomwambia bibi yake. Ameuliza hekima yake. Na kumuuliza mwalimu hekima ya amri si kuasi, bali ni mlango wa kuipenda.

MASUALA MAWILI YANAYOCHANGANYWA

Nilipofikiri usiku ule niliona kwamba dada yangu alikuwa ameyachanganya masuala mawili, na wengi wetu tunayachanganya kama yeye.

Suala la kwanza ni: Je, maji haya ni twahara? Hapa sharia imeyapa maji yanayopita wepesi mkubwa. Maji yaliyosimama, hasa yakiwa machache, huhofiwa. Tumekatazwa kukojoa ndani yake kisha kuyaoga. Amma maji yanayopita, yakiingiwa na najisi na yasibadilike rangi wala utamu wala harufu, yamebaki katika twahara yake, kwani kila kinachoingia huchukuliwa na kinachofuata ni kisafi. Wanachuoni wetu wa Kiibadhi wameandika milango mirefu juu ya jambo hili, na watoto wetu huanza kulisoma wangali wadogo.

Suala la pili ni: Je, mimi ninayo haki ya kuyamwaga? Na hapa maji yanayopita hayakupewa wepesi wowote. Mfano uliochaguliwa katika Hadithi ile ni mto hasa, ndio kusema pale ambapo hoja ya uchache imeondoka, hoja ya gharama imeondoka, na aliye chini ya mto hapungukiwi kwa teko moja la ziada. Mifano yote rahisi imewachwa, ukachukuliwa ule mgumu.

Kwa nini? Kwa sababu twahara ni sifa ya maji, na israfu ni sifa ya mtu. Maji yakiwa mengi, hali ya maji hubadilika. Lakini wingi wa maji haubadilishi hali ya mkono unaoyamwaga bila ya haja. Mtu hana mikono miwili, mmoja wa mtoni na mmoja wa jangwani. Ana mkono mmoja, na tabia aliyoizoeza penye wingi ndiyo atakayokwenda nayo penye uchache.

Hii ni hatua ya kwanza ya jawabu. Lakini mtoto mwenye akili angeweza kusema: "Basi kama ni mazoezi tu, mimi nitakuwa mwangalifu nikifika Oman, na hapa nitafanya nipendavyo." Kwa hiyo yatupasa tuendelee.

MFEREJI NA FALAJI

Sisi watu wa Unguja tuna neno moja ambalo linatufaa hapa. Wengine wakisema bomba, sisi husema mfereji, na neno hilo hilo hutumika kwa njia ya maji iliyochimbwa ardhini. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 mpaka 1888, ndiye aliyeyavuta maji ya chemchemi kwa mabomba mpaka ndani ya mji, na lugha yetu ikakiita kile kidude cha ukutani kwa jina la njia nzima. Lugha imeona jambo ambalo jicho halilioni: mfereji wa msalani ni mdomo tu wa njia ndefu iliyoanzia mbali na itakayokwenda mbali.

Wazee wetu wa Oman hawakuwa na haja ya kukumbushwa hilo, kwa kuwa njia yao ilikuwa wazi mbele ya macho. Falaji huanza kwenye kisima mama mlimani au chini yake, hupita chini ya ardhi kwa mwinamo mdogo mno, kisha hutokeza juu mwanzoni mwa kijiji. Pale panapotokeza maji kwanza huitwa sharia, na hapo ni pa kuchota maji ya kunywa; kila mtu ana haki napo, mwenyeji na mgeni, mwenye shamba na asiye na kitu. Baada ya hapo maji hupita msikitini, kisha mahali pa kuoga na kufua, kisha ndio huingia mashambani kwa zamu. Zamu huhesabiwa kwa athari, nayo ni kiasi cha nusu saa, mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota. Mwaka 2006 mafalaji matano ya Oman, miongoni mwao Daris la Nizwa na Khatmeen la Birkat al-Mawz, yaliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia, na yapo kiasi cha mafalaji elfu tatu ambayo yangali yakitumika.

Mtu aliyelelewa kando ya falaji hawezi kusema: "Maji haya nisipoyatumia nitambakishia nani?" Anamjua kwa jina. Ni jirani aliye chini yake, ambaye amekaa kivulini akiingoja zamu yake. Na anajua vile vile kwamba aliye juu yake amemwachia. Basi maji yakimpitia huona kwamba yeye si mwanzo wa maji wala si mwisho wake, bali yu katikati: amepewa haki ya kutumia, hakupewa milki ya kuharibu.

Je, mtu wa Weston si hivyo hivyo? Tofauti ni moja tu, nayo ni kwamba yeye haoni. Juu yake wako watu wanaolinda mitambo usiku na mchana ili yeye afungue mfereji bila ya hofu. Mkoa wa Ontario uliijua thamani ya watu hao mwezi wa Mei 2000 katika mji mdogo wa Walkerton, ulioko kaskazini-magharibi ya Toronto. Mvua kubwa iliingiza uchafu wa mifugo katika kisima cha mji, dawa haikutiwa kama inavyopasa, na waliopewa dhamana walikuwa wakiandika vipimo visivyokuwa vya kweli. Watu saba walikufa na zaidi ya elfu mbili waliugua. Maji yalikuwa yakitoka katika mifereji kama kawaida, safi kwa macho. Lililopotea lilikuwa amana.

Na chini yake pia wako watu. Maji yaliyokwisha kuingia katika tundu la sinki hayakutoweka. Yanakwenda katika mtambo wa kusafishia, kisha yanarudi katika ziwa lile lile ambalo mji unakunywa. Nyumba ya mpwa wangu imo ndani ya falaji lililofichwa, na jirani yupo, ingawa hajulikani jina.

Wahenga wetu wamesema: maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Maana yake ni kwamba kilicho kidogo kwako ni kingi kwa mwingine. Katika mkoa huo huo wa Ontario, kaskazini ya mbali, iko jamii ya wenyeji wa asili inayoitwa Neskantaga, ambayo tangu 1995, kwa zaidi ya robo karne, iliambiwa isinywe maji ya mifereji yake mpaka iyachemshe. Hatusemi kwamba dada yangu akiufunga mfereji wake Weston tone moja litawafikia. Kusema hivyo ni uwongo, nasi tumekubaliana kutodanganya. Tunachosema ni kwamba anayeona maji ni kitu kinachojitokea tu ukutani hatauliza kamwe kwa nini kwa wengine hayatoki. Israfu humpofusha mtu kwanza, na baada ya upofu dhulma huwa nyepesi.

MTO NA HARIMU YAKE

Asubuhi ya siku ya pili, baada ya kusali Alfajiri na kupambazuka, nilishuka na mjukuu wetu mpaka ukingoni mwa mto. Nilitaka aone kwamba mpaka hauko kwa upande wetu tu, bali mto nao una haki yake.

Ng'ambo ya pili ya mto, mkabala na Weston, iko bustani ya Raymore. Anayepita leo huona majani, miti, na daraja la waendao kwa miguu. Lakini zamani hapo palikuwa na barabara yenye nyumba za watu, Raymore Drive, zilizojengwa karibu na maji kwa kuwa mto ulikuwa mtulivu na mandhari yake yanapendeza. Usiku wa tarehe 15 Oktoba 1954 tufani iliyoitwa Hazel ilifika Toronto wakati ardhi imekwisha kushiba mvua za siku zilizotangulia. Mto Humber ulipanda, ukaling'oa daraja la miguu lililokuwapo, na maji yakageuzwa kwa nguvu kuelekea nyumbani. Katika barabara hiyo moja walikufa watu 35, na katika Kanada nzima waliokufa ni 81.

Baada ya msiba huo serikali ilizinunua ardhi za mabondeni na kukataza watu wasijenge tena, na mwaka 1957 iliundwa mamlaka ya kuhifadhi mito ya Toronto na vitongoji vyake. Ndiyo maana leo kando ya Humber muna bustani ndefu pasipo nyumba. Mwanafunzi wa fikihi atalitambua jambo hili mara moja. Wanachuoni wetu wameliita harimu: kila kisima, kila falaji na kila njia ya maji ina eneo lake ambalo haliruhusiwi kujengwa wala kuchimbwa, kwa kuyahifadhi maji na kuwahifadhi watu. Na sisi wa Oman tusijione kuwa tumeelimika zaidi. Tufani ya Gonu ya Juni 2007 na ile ya Shaheen ya Oktoba 2021 zilitukumbusha kwamba wadi kavu si ardhi tupu, bali ni njia ambayo mwenyewe amesafiri.

Nikamwambia mtoto: "Mwanangu, watu wale walidhani mto hauna mpaka ila huo walioupenda wao. Nasi tukiwa msalani tunadhani sisi hatuna mpaka ila huo tuupendao. Kosa ni moja." Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Lakini Babu, Bibi haifanyi israfu kwa kupenda. Analia akiwa ndani."

MPAKA ULIOHAMA

Hapo nikafahamu kwamba mtoto alikuwa ameona nisichokiona mimi, na kwamba nusu ya jawabu langu ilikuwa imepotea njia. Nilikuwa nikitafuta hoja ya kumshinda dada yangu, hali ya kuwa dada yangu ni mgonjwa anayehitaji kusaidiwa. Hakuwa anayadharau maji. Alikuwa na wasiwasi: kila akikiosha kiungo humjia shaka kwamba hakikuenea, na kila akirudia shaka huongezeka, kwani wasiwasi ni kama moto, ukiulisha huwaka.

Nikakumbuka utoto wetu Ng'ambo, Unguja. Tulikuwa tukiamka alfajiri kwenda na ndoo kwenye mfereji wa mtaani, na maji ya nyumba nzima yalikuwa ndani ya mtungi. Kila mtu alitawadha kwa kata moja, na kata ni kifuu kilichotiwa mpini. Maji yakimalizika ndani ya kata, udhu umemalizika. Dada yangu yule yule, katika nyumba ile, hakupata kuwa na wasiwasi hata siku moja. Si kwamba imani yake ilikuwa na nguvu zaidi. Alikuwa na mpaka, na mpaka ule ulikuwa mkononi mwake, anauona na kuushika.

Ndugu msomaji, hii ndiyo nukta ambayo kwa ajili yake tumeuandika waraka huu. Zamani mpaka wa maji ulikuwa nje ya mtu: kina cha kisima, ukubwa wa ndoo, urefu wa zamu, jicho la jirani. Mfereji wa kisasa, nao ni neema kubwa ambayo haifai kuikufuru, umeiondoa mipaka hiyo yote kwa siku moja. Lakini kiumbe hawezi kuishi bila ya mpaka. Basi mpaka umehama: umetoka nje, na sasa inapasa mtu aubebe ndani ya moyo wake. Asiyekuwa tayari kuubeba atapatwa na moja ya mambo mawili. Ama atakuwa mwenye kughafilika, anayemwaga bila ya kujua kwamba anamwaga. Ama atakuwa mwenye wasiwasi, anayemwaga na kulia, kwa kuwa hakuna kitu kinachomwambia: basi, imetosha.

Na hapa ndipo tunapoona rehema iliyo ndani ya makatazo. Mara tatu ndio ukomo wa sunna katika kuosha kiungo, na anayezidisha amevuka mpaka. Mwenye moyo mzito huisikia hukumu hii kama kemeo. Lakini kwa mwenye wasiwasi ni kama mtu mwenye huruma aliyemshika mkono na kumwambia: yatosha, nenda kasali. Vivyo hivyo kanuni waliyoitia nguvu wanachuoni, kwamba jambo la yakini haliondolewi na shaka. Umeosha kwa yakini; shaka iliyokuja baadaye haina haki ya kukurudisha. Basi kukatazwa israfu penye mto si kwa ajili ya mto. Mto hauna haja nasi. Ni kwa ajili ya yule aliyesimama ukingoni mwake, asipotee ndani ya wingi.

PALE AMBAPO KUACHA WAZI SI ISRAFU

Asije mtu akafahamu kwamba kila tone linalopita bila ya kuguswa ni dhambi. Katika nyumba kongwe za Toronto, zilizojengwa kabla ya katikati ya miaka ya 1950, baadhi ya mabomba ya kuingizia maji ni ya risasi, na maji yakilala humo saa nyingi huchukua sumu yake. Wenye nyumba hizo hushauriwa wayaache yapite kwanza asubuhi kabla ya kunywa. Na katika baridi kali, ambaye bomba lake linakaribia kuganda huacha mfereji mmoja utiririke mwembamba kama uzi, ili bomba lisipasuke. Hayo si israfu, kwa kuwa yana haja inayojulikana na yana kiasi kinachojulikana. Israfu haipimwi kwa lita peke yake. Inapimwa kwa suali hili: Je, yanayopita yanapita kwa ajili ya jambo, au yanapita kwa kuwa nimesahau kwamba yanapita?

Na ili nisijifanye mwalimu asiyekuwa na kosa, nitasimulia jambo moja. Jioni ile mjukuu wetu alitia beseni chini ya mfereji wakati ninapotawadha mimi, kisha akayapima maji kwa chupa ya lita moja. Nilikuwa na hakika kwamba nimetawadha kwa uangalifu. Zilipatikana lita kumi na moja. Mtoto hakusema neno, alinitazama tu, nami nikajifunza katika beseni lile zaidi ya niliyojifunza katika kufikiri kwangu usiku kucha.

HATIMA

Mpwa wangu alinunua birika la plastiki lenye kuchukua lita moja na nusu, akaliweka msalani. Hatukumpa dada yangu hotuba yoyote. Nilimwambia tu: "Dada, unaikumbuka kata ya mama?" Akacheka, na kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu nifike. Akatawadha kwa birika lile, na maji yalipokwisha akabaki ameliinamisha, akitazama mdomo wake mtupu kwa muda. Kisha akaliweka chini na akatoka kwenda kusali.

Sitasema kwamba ameponya. Ziko siku, kama anavyonieleza mwanawe kwa simu, anarudi kwenye mfereji, na wasiwasi wa muda mrefu huhitaji subira, na mara nyingine huhitaji tabibu pamoja na sheikh, wala hapana aibu katika hilo. Lakini mikono yake imeanza kupona. Na mjukuu wake, aliyeuliza kama ni makosa kumwaga maji yasiyokwisha, amepata jawabu ambayo natumai atakaa nayo: maji hayakwishi, ila sisi tunakwisha, na tutaulizwa jinsi yalivyotupitia.

Basi enyi wazazi mlioko Maskati, Dubai, Toronto na kwengineko, mnaolea watoto ambao hawakupata kubeba ndoo, msiwaambie kwamba maji yatakwisha ikiwa hapo mlipo hayaishi. Waambieni ukweli: kwamba neema ikiwa haina mpaka, mwenye kuneemeka ndiye apaswaye kuwa nao. Kisha wekeni birika msalani, na muanze nyinyi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kushukuru, azitwahirishe nyoyo zetu kama anavyotuwezesha kuvitwahirisha viungo vyetu, na awape maji safi wote wasiokuwa nayo. Amin.